Umefikia Wapi?

Ukitimba Mwanza ukitokea Kakola, hata vumbi hujanawa, kila mwana utakayemcheki atakutupia swali lilelile: umefikia wapi? Habari ya mkwanja uliokuja nao na siku utakazokaa itafuata baadaye. Kwanza anataka kujua umefikia wapi, maana hapo ndipo atajua usiku mtakutana kona gani, bodaboda ya kurudi itakula buku ngapi, na kesho asubuhi utaamka na sura ya mtu au sura ya shifti. Wengi wetu tunajibu kimzuka tu, "Bado mwanangu, tutajua mbele kwa mbele." Nimeshaitoa hiyo kauli mara nyingi, na nimeshailipia. Leo nataka niwasanue wana wote wa Bulyanhulu wanaojichanga kwenda kula bata mjini siku za off: chumba kije kwanza, mengine yafuate.

Naongea kama mtu wa chini. Napiga kazi kwa mkandarasi mmoja pale mgodini Kakola, na kwa wasioijua Bulyanhulu, huu mgodi hauna lile shimo la wazi ambalo unasimama ukingoni unaona malori madogo kama viberiti. Sisi tunazama. Uzalishaji ulianza 2001, na sasa hivi kazi imeshuka zaidi ya kilomita 1 ndani ya mwamba. Shifti ni saa 12. Ukiingia usiku unaliacha giza la Kakola juu, unalikuta giza lingine chini, ukitoka jua limeshaamka na wewe ndiyo kwanza unakimbilia geto kufunga pazia. Wiki nzima inaweza kukatika hujauona mchana ukiwa na macho mazima. Taa yako ni ile ya kwenye kofia. Upepo wako ni wa feni kubwa unaopita kwenye bomba la turubai.

Mtu wa aina hiyo akipata siku 4 za off halafu akaenda kulala kwenye chumba kisicho na dirisha, kajifanyia kitu kibaya. Nakijua, kwa sababu nimekifanya.

Ilikuwa msimu ule Pamba Jiji, timu ya Mwanza, wamerudi Ligi Kuu, 2024, baada ya zaidi ya miaka 20 ya kuisikilizia kwa mbali. Timu kubwa kutoka Dar ilikuwa inakuja CCM Kirumba, na Kanda ya Ziwa nzima ikamiminika. Sisi tulikuwa wanne. Usafiri tuliupanga, tiketi tulizipanga, hadi jezi tulizipanga. Kulala? Mbele kwa mbele. Mpira ukaisha, tukazama kwenye sato wa kukaanga na ugali, stori zikanoga, kuja kushtuka saa 6 usiku. Tukaanza mlango kwa mlango. Kila mapokezi jibu moja, "Tumejaa, kaka zangu." Mwisho bodaboda mmoja akasema ana chimbo analijua. Akatupitisha vichochoro mpaka kwenye nyumba isiyo na kibao, gesti bubu, mzee mmoja akafungua geti akiwa na tochi. Elfu 25 kwa chumba ambacho siku ya kawaida kisingefika hata elfu 10, na tukalipa bila kubisha kwa sababu miguu ilikuwa imegoma.

Chumba kilikuwa na kitanda, ndoo, na tundu la tofali moja karibu na dari. Nikauchapa usingizi palepale. Nilipoamka sikujua ni saa ngapi. Giza totoro, joto limetuama, hakuna sauti. Mkono wangu wenyewe ukapanda kwenye kipaji cha uso kutafuta taa. Nikagusa nywele. Moyo ukapiga kwa nguvu mpaka nikausikia masikioni, nikakaa kitandani napapasa ukuta hadi nikaupata mlango. Nje ilikuwa saa 5 asubuhi, jua kali, watoto wanacheza rede. Nilisimama pale uani nikahisi hasira ambayo mpaka leo sijaimaliza: nimetoka Kakola, nimetumia off yangu na hela yangu, nikaenda kulipia shimo.

Watu wa ukanda huu habari ya giza hatuichukulii poa. Novemba 2015 kule Nyangalata, wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya kufukiwa na kifusi kwa siku 41. Kijiweni Kakola jina la Nyangalata likitajwa watu wanashusha sauti. Kwa hiyo nikisema dirisha ni kitu cha kwanza kuuliza, sifanyi ushua. Nakwambia kitu ambacho mwili wako unakijua kuliko wewe.

Haya, tuingie Mwanza.

Unaingilia wapi, hilo nalo linaamua. Zamani ukipita njia ya Geita na Sengerema ulikuwa unalala foleni pale Busisi ukisubiri kivuko, unafika mji umeshalala, unakubali chumba chochote. Sasa Daraja la JPM, lile la Kigongo–Busisi, limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, unavuka kabla wimbo haujaisha. Unatokea Usagara, unaingia na barabara ya Shinyanga, stendi yako ni Nyegezi. Wanaopitia Kahama na Shinyanga nao wanashukia hukohuko. Ila ukiamua kuchepuka kwenye kivuko cha Kamanga, kinakushusha mjini kabisa, hatua chache kutoka Jiwe la Bismarck, na hapo hata begi unaweza kulibeba ukatembea kwa mguu. Njia ya daraja ina haraka, ya kivuko ina utulivu: unasimama ubavuni mwa boti, upepo wa ziwa unakupiga, na mji unauona unakuja na mawe yake mojamoja. Kama off yako ina siku za kutosha, pita Kamanga angalau mara moja.

Nyegezi penyewe pana vyumba vingi, na bei zake ni za kistaarabu kwa sababu ya stendi na kwa sababu wanachuo wa SAUT, chuo cha Mtakatifu Augustino, wamejaa kule Malimbe. Mimi napatumia usiku wa mwisho tu. Basi la alfajiri linakukuta mlangoni, hukimbizani na daladala gizani. Ila kama umekuja kuuona mji halafu ukafikia Nyegezi siku zote, kila siku utakuwa unakula nauli na foleni kwenda na kurudi, na bata lote linabaki barabarani.

Katikati ya mji, zile kona za Makoroboi, Rwagasore, Lumumba, Pamba na Nyerere, ndipo wengi wanakimbilia, na wana sababu. Unatoka nje upo sokoni. Viatu, simu, jezi, mitumba iliyotandazwa juu ya mawe, mama wa chapati, kila kitu mkononi. Tatizo ni masaa. Soko linaamka kabla yako. Kuanzia saa 12 asubuhi mikokoteni inaanza, vipaza sauti vya wauza dawa za panya vinafuata, na kama chumba chako kinaangalia barabara, usingizi wako ndiyo umefungiwa hesabu. Ukifikia katikati omba chumba cha nyuma, ghorofa ya juu. Hapo utapata mji wote bila kelele zake. Wenye mkwanja mzito wanakwenda Gold Crest, ghorofa ile inaonekana kila upande, na sina neno nao. Mimi mtaa wa pili tu kutoka hapo nilishalala elfu 35, selfu, maji ya moto, dirisha kubwa linaloangalia kilima chenye mawe, na asubuhi nikaona jinsi nyumba zilivyobanana juu ya miamba kama zimegandishwa kwa gundi.

Kirumba, sitakudanganya, naipenda kuliko nilivyoteseka. Uwanja uko pale, Rock City Mall upande huohuo, na Mwaloni ndiyo roho ya ziwa. Dagaa wanashushwa, wanapimwa, wanafungwa magunia, wanunuzi wanatoka hadi Kongo, Rwanda na Burundi, na gesti za jirani zinawalaza wao. Ukilala hapo utasikia Kiswahili cha Bukavu ukutani, na harufu ya dagaa itaingia kwenye begi mpaka Kakola wanajua ulikuwa wapi. Kwa msela anayetaka kuona watu wakitafuta hela, hakuna chimbo tamu zaidi. Kwa anayetaka kulala mpaka saa 4, hapana. Na siku za mechi kubwa, kama hujalipia chumba siku tatu kabla, usijaribu. Nimeshasema yaliyonikuta.

Capri Point ni ushuani. Rasi ile imeingia ziwani, miti mikubwa, barabara kimya, nyumba za wakubwa, na mahoteli ya majina kama Tilapia na Ryan's Bay yakiwa yamekaa mguu majini. Wana wengi wa Kakola wanapaogopa kwa jina tu. Wanaona walinzi, wanageuza. Mwanangu, usipaogope. Kwanza hata kama hulali, kushinda kule ni bure: kaa kwenye majani ukiangalia Bismarck. Pili, ukiwa umechanga na mwenzio mkagawana chumba cha vitanda viwili, mara moja kwa mwaka inawezekana. Boti za kwenda Saa Nane zinaondokea hapohapo, dakika chache tu upo kisiwani, hifadhi ya taifa tangu 2013 na ndogo kuliko zote nchini, imepewa jina la mzee aliyekuwa akiishi pale. Swala wanapita, mijusi ya kichwa chekundu imelala juu ya mawe inaota jua. Nilikaa juu ya jiwe moja kule karibu saa nzima bila kugusa simu.

Na kuna kitu cha Mwanza ambacho hakuna aliyenisanua, nilikigundua mwenyewe. Mji huu ziwa lake liko magharibi. Chumba chenye dirisha la ziwani kinapata jua la kuzama, pale saa 1 kasoro jioni maji yote yanageuka rangi ya shaba. Unyama. Lakini jua hilo linakipika chumba alasiri yote, jioni ukuta unakuwa wa moto, na kama hakuna feni utajuta. Faida yake, asubuhi chumba kinabaki na kivuli, unalala mpaka utosheke. Dirisha la mashariki ni kinyume: jua linakuamsha saa 1 asubuhi, ila usiku chumba kimepoa. Mtu aliyetoka shifti za usiku, mwili bado unadhani mchana ndiyo usiku, siku ya kwanza anahitaji upande wa ziwa. Siku ya tatu, mwili ukishageuka, upande wa kilima ndiyo mtamu. Nilishawahi kuhama chumba ndani ya loji moja kwa sababu hiyo. Dada wa mapokezi alishangaa, lakini nilipomwambia kazi ninayofanya akanipa ufunguo bila swali lingine.

Isamilo na Bugando nazigusa kwa heshima. Isamilo ni kilima chenye upepo, kimya, watu wa familia. Bugando ndiko iliko hospitali ya rufaa, na gesti za pale zina wageni waliokuja kuuguza. Nimewahi kulala pale nikimsindikiza bi mkubwa, kwa hiyo naomba tu: ukifikia kule punguza redio. Chumba cha jirani yako kuna mtu hajalala siku 3.

Sasa tuongee lile ambalo wengi tunalikwepa. Kufikia kwa ndugu. Mtoto wa Kisukuma akienda mjini akalala gesti wakati shangazi yupo Buhongwa, taarifa inafika kijijini kabla yake. "Amekuwa na hela sasa hatutaki." Nakubali, ndugu ni ndugu, na hakuna loji itakayokupikia michembe na kukuuliza habari za mama zako mmoja baada ya mwingine. Ila kwa shangazi huwezi kulala mchana. Saa 12 asubuhi watoto wanajiandaa kwenda shule kwenye sebule uliyolala wewe. Saa 2 shangazi anakuona bado umejifunika, anaanza kuulizia kama unaumwa. Na ukirudi saa 7 usiku unamwamsha mtu wa miaka 60 akufungulie geti. Nilichokuja kukifanya, na kimenifaa: usiku wa kwanza nafikia gesti, nalala kama gogo, siku ya pili mchana ndiyo naibuka kwa shangazi nikiwa na kilo 5 za mchele wa Kahama, sukari na sabuni, nakula chakula cha mchana, nabeba watoto, nalala kwake usiku mmoja kwa heshima zote. Anafurahi, na mimi naongea naye nikiwa na macho mazima. Mara ya kwanza nilimwambia ukweli: "Shangazi, kazi yetu inageuza usiku mchana, nikija moja kwa moja nitakuwa mzigo." Alinielewa haraka kuliko nilivyotegemea.

Kuna mwanajiolojia mmoja, mzungu, tulikuwa tunasubiri lifti naye, akanipigia stori za kwao. Vijana wa Ulaya wana huo mchezo wa kuruka Ijumaa jioni kwenda mji wa nchi nyingine na kurudi Jumapili. Nikadhani wao wametoboa, kumbe kichwa kinawauma kwa mambo yaleyale. Tiketi ya ndege rahisi ya Paris inakushusha Beauvais, kama kilomita 80 kutoka Paris yenyewe. Hiyo ni sawa na kuambiwa umefika Mwanza halafu unashushwa mbali kuliko Misungwi. Ukiwa huna hesabu, nauli ya basi na hoteli ya karibu na uwanja vinakula ulichookoa kwenye tiketi. Venice wamekwenda mbali zaidi: tangu Aprili 2024, siku walizozipanga, mgeni anayekuja na kurudi siku hiyohiyo analipa kuingia mjini, mwaka ule ilikuwa euro 5, ila aliyelala ndani ya manispaa yao halipi hiyo. Yaani mji wenyewe unakuuliza, umefikia wapi?

Na Barcelona ndiyo iliyonigusa. Jiji lilitangaza 2024 kwamba vibali vya nyumba za kupangisha watalii, zaidi ya 10,000, havitaongezwa muda vikiisha, mwisho wake Novemba 2028, kwa sababu wenyeji wamekosa pa kupanga. Nikamwambia yule mwanajiolojia, hiyo ni Kakola. Mgodi ukichangamka, mwenye nyumba anavunja ukuta, anaweka selfu, anapaka rangi, chumba alichokuwa anapanga mwalimu kinakuwa loji ya mafundi wa mkandarasi. Mwalimu anasogea pembeni, kila siku anatembea. Halafu 2017 makinikia yakazuiwa kusafirishwa nje, mgodi ukapunguza kazi, na vyumba vilevile vikakaa na vumbi. Tulioishi kitaa kipindi kile tunajua loji tupu inavyosikitisha, taa ya kibao inawaka na hakuna mtu. Ndiyo maana nikiwa mgeni kwenye mji wa watu najiuliza nyumba ninayolala ilikuwa ya nani. Sina jibu la kukupa hapo, lakini nikilipa loji inayoendeshwa na mama wa mtaa huohuo, anayekaa chumba cha mbele na wanaye, moyo unatulia zaidi.

Turudi kwenye simu, maana chumba kinapigwa kwa simu. Picha za mtandaoni zinapigwa siku ya uzinduzi. Mimi napiga mwenyewe, mchana, saa ambayo mhudumu hana haraka. Nauliza dirisha linaangalia wapi. Nauliza kama maji yanatoka bombani au ya ndoo, na umeme ukikatika kuna nini. Nauliza jirani yao nani: baa, ukumbi, karakana, kanisa la mkesha? Hakuna ubaya kwenye hivyo vyote, ila Ijumaa usiku kimoja kinaweza kukukeshesha. Nauliza kama wanatoa vyumba kwa saa. Nikiambiwa ndiyo, nasepa kwa adabu. Milango itagongwa usiku kucha, na usiku huo mimi nimeununua niulale. Halafu nauliza saa ya kutoka. Gesti nyingi ni saa 4 asubuhi, na hapo ndipo wana wa shifti tunapopigwa. Umefika saa 2 usiku, mwili umekataa kulala mpaka alfajiri, saa 4 mlango unagongwa. Sema mapema. "Dada, natoka shifti ya usiku, naomba nilale mpaka saa 8, nitaongeza kitu." Mara nyingi wanakubali. Wakikataa, lipia siku 2 na uhesabu kwamba umenunua usingizi, kitu ambacho Kakola hakiuzwi.

Kile kitabu cha wageni kijaze vizuri. Jina, kabila, kazi, unatoka wapi, unakwenda wapi, namba ya NIDA. Najua wanaoandika majina ya kubuni. Siku ukizidiwa usiku, hicho kitabu ndicho kitamwambia mtu ampigie nani. Gesti bubu niliyolala haikuwa na kitabu. Tungekufa mle ndani, hakuna ambaye angejua tulifikia wapi.

Dada mmoja wa kitaa chetu, ana kibanda cha kutuma na kutoa pesa pale senta, kila baada ya miezi kadhaa anakwenda Mwanza peke yake kununua mzigo wa madela. Nilimuuliza yeye anachagua vipi, na nikagundua dirisha langu kwake linakuja namba 4. Namba 1 ni komeo la ndani. Analijaribu mbele ya mhudumu, anafunga, anafungua, anavuta mlango. Namba 2, mapokezi usiku kuna mwanamke au hakuna. Namba 3, kutoka barabarani mpaka mlangoni kuna taa? Hakubali chumba cha chini kinachofungukia uani. Hamwambii bodaboda jina la gesti. Anashuka duka la jirani, anamaliza kwa mguu. Alivyokuwa ananihesabia vidoleni nilisikia aibu, kwa sababu miaka yote ninawapa dada zangu namba za gesti zangu bila kuwaza hata kimoja kati ya hivyo. Siku hizi ninapopiga simu nauliza na hayo, hata nikiwa nalala mimi.

Kama off ni siku 2 tu, achana na Mwanza, ishia Kahama. Kilomita 73 kutoka Kakola, vumbi tulilolila miaka yote linakufa kadiri lami inavyosogea. Mji una hela na una usiku mrefu. Epuka kulala kando ya barabara kuu kule Phantom, malori ya Rwanda na Burundi hayalali. Ingia ndani, Nyasubi au Malunga, pametulia. Mwezi wa 6, kama unapenda ngoma, geuza mpango: tamasha la Bulabo linapigwa Bujora, Kisesa, kule upande wa Mwanza, vikundi vya Bagika na Bagalu vinashindana, nyoka wanachezewa mikononi. Fikia Kisesa hukohuko, uisikie ngoma ukiwa kitandani, na chumba ukilipie mapema kinoma.

Juzi nimetoka shifti, nikanawa, kabla sijalala nikapiga simu kwenye loji moja ya Isamilo niliyowahi kufikia.

"Habari za asubuhi, dada?"

"Salama kaka, karibu."

"Natokea Kakola, naingia Ijumaa mchana, siku 3. Mara ya mwisho mlinipa chumba namba 7."

"Saba ina mtu mpaka Jumatatu. Ninayo 9, juu."

"Dirisha la 9 linaangalia wapi?"

Akanyamaza. Nikasikia ndala zake zinapanda ngazi, ufunguo, mlango, halafu komeo la chuma linavutwa. Upepo ukaingia kwenye simu.

"Ziwa linaonekana, kaka. Ila kuna mwembe mbele, unaziba kama nusu."

"Una maembe?"

"Unayo. Bado mabichi."

"Niwekee hiyo."